Maji Yakipwa Ghafla

Swali: Ndugu Mhariri, tunaishi karibu na ufuo wa Malindi pamoja na bibi asiyeweza kutembea. Je, tujiandae vipi kwa tsunami?

Jibu: Ndugu msomaji, mnamo 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, lilisukuma mawimbi yaliyovuka Bahari Hindi kwa saa kadhaa hadi yakafika Malindi, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Kubalianeni sasa, majirani wakiwepo, ni vijana gani watakaombeba bibi na watapita njia gani kuelekea mahali palipoinuka, kisha mfanye zoezi hilo usiku pia. Maji yakipwa ghafla pasipo wakati wake, hiyo ni dalili kwamba tsunami yaweza kuwa njiani; msishuke kuokota samaki. Ondokeni mara moja, wala msirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani lifuatalo huweza kuwa kubwa zaidi.