Mke wangu amejifungua mtoto mwenye ualbino, mama yangu anasema si wangu

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi nina miaka 29, ni fundi pikipiki, naishi mkoa wa Shinyanga. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa pili, wa kiume. Wa kwanza ni mweusi kama mimi, huyu amezaliwa na ualbino. Mama yangu tangu siku ile hajamshika. Anasema kwenye ukoo wetu kitu hicho hakipo, kwa hiyo mtoto si wangu, na kama ni wangu basi ni laana ya kuondolewa, na ameshapata mganga. Siku ya saba imepita bila akika, yaani bila kumchinjia mtoto. Mjomba naye ananishauri nimfiche ndani mpaka akue kidogo, kisha nimpeleke kituo cha mbali watu wamsahau. Sheikh, mke wangu namwamini, lakini usiku nikimtazama mtoto moyo unanienda mbio. Je, dini inaniruhusu kumkataa? Nifanye nini?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, hongera kwa mtoto. Nimesoma barua yako mara mbili na sikuona popote kwamba kuna aliyekupa hongera, basi ipokee kwangu kwanza. Mwenyezi Mungu akubarikie katika kipawa alichokupa, nawe umshukuru aliyekipa, mtoto afikie utu uzima wake na uruzukiwe wema wake.

Sasa swali lako. Hapana, hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya rangi yake. Na jambo hili halikuanza na wewe. Lilimfika Mtume, rehema na amani zimshukie, likiwa hivi hivi lilivyokufika.

Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwa Abu Huraira kwamba mtu mmoja wa kabila la Fazara alikuja kwa Mtume akasema: mke wangu amezaa mtoto mweusi. Hakusema neno la zinaa, alilizunguka, kama wewe unavyolizunguka. Mtume hakumuuliza mke anatembea na nani. Alimuuliza, "Una ngamia?" Akasema, "Ninao." "Rangi zao zipi?" "Wekundu." "Hakuna kati yao mwenye rangi ya majivu?" Akasema, "Wamo." "Wameipata wapi?" Yule bwana akajibu mwenyewe: huenda ni mshipa wa asili umeivuta. Mtume akamwambia, basi na huyu mwanao huenda ni mshipa umemvuta. Katika riwaya ya Muslim imo nyongeza kwamba Mtume hakumpa ruhusa ya kumkana mtoto.

Itazame hadithi hii vizuri. Mtu yule alikuwa ameugeuza mwili wa mtoto mchanga kuwa shahidi dhidi ya mama yake. Mtume akaukataa ushahidi huo, na hakuukataa kwa kumkaripia, bali kwa kumrudisha kwenye zizi lake, kwenye kitu anachokijua kuliko hata vitabu. Kwa hadithi hii wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wakasema kuwa tofauti ya rangi peke yake haimhalalishii mume kumkana mtoto. Mtoto ni wa kitanda alichozaliwa, yaani ni wa mume wa mama yake. Na anayemtuhumu mwanamke aliyejihifadhi kuwa amezini, Qurani katika Suratun-Nur inamtaka alete mashahidi wanne, akishindwa apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe tena. Katika wale wanne ngozi ya mtoto haimo.

Mshipa ule uliotajwa kwa ngamia, siku hizi watu wa tiba wanaueleza kwa jina la vinasaba. Ualbino wa ngozi, nywele na macho, kama wa mwanao, hutokea mtoto anapoipokea asili hiyo kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Mtu anaweza kuibeba asili hiyo maisha yake yote akiwa mweusi ti, asijue, na babu yake asijue. Wanapokutana wawili wanaoibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mwenye ualbino. Ndiyo maana wa kwanza wako alizaliwa mweusi. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa mtoto mmoja mwenye ualbino katika kila 1,400, na kwa hesabu hiyo mtu mmoja katika kila 19 hivi anaitembeza asili hiyo bila habari. Kwa hiyo mama yako aliposema kwenye ukoo wenu hakipo, alisema asichokijua. Huenda kimepita kwake yeye mwenyewe kabla ya kukufikia wewe. Usimwambie hivyo kwa kumshinda hoja. Mwambie ukiwa umekaa chini, siku ambayo hakuna wageni, naye ana kazi mkononi, anachagua mchele au anachambua mboga. Mama ni mama. Suratu Luqman imetuamuru kuwa tusiwatii wazazi katika dhambi, na papo hapo ikatuamuru kukaa nao kwa wema. Yote mawili yanakuhusu.

Na mke wako mwombe radhi. Hujamtamkia neno, lakini mzazi aliye kitandani anamwona mume anavyomtazama mtoto usiku.

La mganga silizungushi. Muslim amepokea kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi sala yake masiku arubaini. Hiyo ni kwa kuuliza tu. Lakini kwenu kuna jambo kubwa kuliko hilo, na wewe wa Shinyanga unalijua kuliko mimi. Tangu miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa imezika watu wengi wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo hivyo huleta utajiri, samaki, dhahabu, kura. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015. Mwaka 2024, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike asiyetimiza miaka mitatu alinyang'anywa mama yake usiku, akakutwa ameuawa, na baba yake mzazi akawa miongoni mwa walioshtakiwa. Sasa mama yako, kwa hofu na ujinga, si kwa uovu, anataka kwenda kumwambia mganga kwamba katika nyumba ile yupo mtoto wa namna hii. Ndugu yangu, mzuie leo. Usingoje kesho. Hata kama mganga huyo ni mpole na ana kanzu nyeupe na tasbihi mkononi.

Qurani inasema katika Suratut-Takwir kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa. Waarabu wa zama zile walimtazama binti mchanga wakaona fedheha. Hawa wa leo wanamtazama mtoto mweupe wakaona fedha. Wote wameuona mwili wasimwone mtoto.

Nimesikia kwamba huko mitaani, mtu mwenye ualbino akipita, vijana humwita "dili". Wapo pia wanawake wajawazito wanaojitemea mate kifuani wakimwona, ati wasije kuzaa kama yeye. Na "zeruzeru" tumelizoea hata sisi wa misikitini, tunalitamka kama jina la kawaida, wakati mwenyewe linamchoma. Suratul-Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Bibi Aisha, Mungu amridhie, alimtaja mke mwenzake Bibi Safiya kwa ufupi wake tu, pengine kwa ishara ya mkono, Mtume akamwambia: umesema neno ambalo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Huo ni ufupi wa kimo, jambo ambalo sisi tungelicheka tukaendelea kunywa chai. Neno "dili" lingetupwa baharini sijui pangebaki samaki. Basi mwanao mpe jina zuri, na umzoeze kila aingiaye nyumbani kwako kumwita kwa jina hilo.

Sasa shauri la mjomba. Nalielewa, maana anaogopa, na hofu yake ina msingi. Kumlinda mtoto ni wajibu wako. Mtume alimwambia mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake: mfunge, kisha mtegemee Mungu. Lakini alimwambia afunge ngamia. Mwanao si mtu wa kufungiwa. Mtoto anayefichwa hajulikani na majirani, na asiyejulikana hata akitoweka hakuna wa kuuliza. Fanya kinyume chake. Mtoe ajulikane kwa watu wema: mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mtendaji, imamu wenu, balozi, nyumba tatu nne za jirani, na kituo cha polisi wawe na habari. Mlango wa usiku uwe imara. Asiachwe peke yake, asitumwe dukani peke yake jioni, na anayemchukua shule ajulikane. Hiyo ndiyo kamba ya ngamia.

Ama vituo, wakati mauaji yalipopamba moto watoto wengi walikusanywa katika shule za bweni, Buhangija hapo kwenu ikiwemo, na roho ziliokoka. Mwenyezi Mungu awalipe waliowatunza. Lakini walikuwamo watoto ambao wazazi wao waliwaleta wasirudi tena kuwaona. Hilo mjomba amelisema waziwazi, "watu wamsahau", na ndilo ninalolikataa. Akifika umri wa shule na ukaona bweni lina usalama zaidi, mpeleke, lakini umtembelee, na likizo arudi nyumbani kwao alale na ndugu yake.

Nitakueleza kisa changu, na sikioni raha kukieleza. Miaka mingi nyuma nilikuwa nasomesha chuo cha Qurani, tukawa na kijana mwenye ualbino wa miaka kama minane. Alikaa mwisho wa jamvi, maana wenzake walimsukuma huko, nami sikuliona kuwa neno. Nikiandika ubaoni na kumwambia asome, ananyamaza. Nikahukumu kwamba ni mvivu, nikamchapa, si mara moja. Siku moja nikampa juzuu mkononi. Akaileta mpaka pua ikagusa karatasi, macho yake yakichezacheza huku na huku, akasoma Suratul-Fajr mwanzo hadi mwisho, sikupata pa kumrekebisha. Kumbe ubao ulikuwa kwake ni ukuta mweusi tu. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na miwani husaidia lakini haimalizi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikamweka mbele kabisa, tukamtafutia msahafu wa maandishi makubwa. Nimekuandikia hili ili siku ya kumpeleka mwanao chuoni na shuleni uende wewe mwenyewe ukamwambie mwalimu, kabla fimbo haijanyanyuliwa.

Jua nalo ni adui yake wa kila siku. Ngozi yake haina ile rangi inayoikinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana, wakati inazuilika. Akiwa mchanga awe kivulini, kofia na nguo za mikono mirefu. Akikua kidogo aongezewe losheni ya kukinga jua. Ipo inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ulizia hospitali ya mkoa. Huwa naulizwa kama losheni inabatilisha udhu. Ikiwa haiachi gamba juu ya ngozi la kuzuia maji, haidhuru kitu. Hata katika Hija, mwanamume aliyeharimia, ambaye kwa kawaida hafuniki kichwa, akihitaji kukifunika kwa sababu ya madhara, anafunika na kutoa fidia iliyotajwa katika Suratul-Baqara na kufafanuliwa na Mtume, kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita, au kuchinja. Dini haikumwambia akaungue.

Imebaki akika. Siku ya saba kupita haikuibatilisha, kwa Shafii wakati wake unaendelea mpaka mtoto abaleghe. Wa kiume ni mbuzi wawili, na kama hali ni ngumu mmoja anatosha. Usichinje kwa siri. Alika majirani, pika pilau, imamu aje aombe dua, na watu wamwone mtoto mikononi mwako. Mwombe mama yako awe yeye wa kumpakata wakati wa kunyolewa. Huenda akakataa. Mwombe tena. Nywele zake zipimwe, mtoe sadaka madini ya fedha ya uzito huo kama alivyoelekeza Mtume. Ila mnyolee ndani au chini ya mti wenye kivuli kizito, si uani wakati wa mchana, na kofia yake iwe tayari pembeni, avalishwe mara wembe unapoinuliwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.