Fremu ya alumini: ninunue au niache?

SWALI: Ndugu Mhariri, huwa naendesha baiskeli kwenye lami ya Tabora kuelekea Urambo. Nimepata baiskeli ya mbio ya mtumba yenye fremu ya alumini, ila wenzangu wanasema itaniumiza mgongo. Je, niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, onyo hilo lina asili yake. Uzito wa alumini ni takriban theluthi moja ya ule wa chuma, lakini ugumu wake nao ni theluthi moja, hivyo watengenezaji hutumia mabomba manene, nayo ndiyo yanayoifanya fremu isinyumbuke. Hata hivyo, mtikisiko hupunguzwa zaidi na tairi kuliko fremu; hakikisha pana nafasi ya tairi ya milimita 28, wala usiijaze upepo kupita kiasi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyufa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha kagua juani maungio yote, hasa chini ya usukani na kwenye pedeli. Ukiona mstari mwembamba umepasua rangi, iache, kwa sababu fundi wa kuchomelea mageti hawezi kuiunga alumini kwa vifaa vyake vya kuchomelea chuma. Ikiwa nzima na inalingana na kimo chako, inunue.