Kung'oa ukingo wa plastiki na kupanga mawe: je, lazima saruji?

SWALI: Fundi, salamu. Tuta langu la maua linapakana na nyasi kwa urefu wa mita 12 hivi, tena limepinda katikati na lina mteremko kidogo. Nilikuwa nimeweka ukingo wa plastiki, sasa umepasuka, umeinuka juu ya ardhi na nyasi zinaingia tutani. Nataka mawe. Je, niyapange kwenye mfereji uleule wa plastiki? Na ni lazima nitumie saruji?

JIBU: Ndugu msomaji, saruji si lazima, ila mfereji wa plastiki hautakufaa. Ule ni ufa mwembamba, na udongo wa kando yake umeshalegea. Jiwe la ukingo hushikwa na kina ulichochimba pamoja na tabaka ulilolishindilia chini yake. Ukimwaga saruji juu ya udongo laini itapasuka, na kutengeneza ukingo uliopasuka ni taabu kuliko kuinua jiwe moja lililotitia na kulirudisha.

Kwanza ondoa plastiki. Ikipigwa na jua kwa miaka hukakamaa, hivyo ukiivuta kwa pupa itakatikia ardhini na vipande vitabaki kwenye udongo wa maua. Loanisha ardhi siku moja kabla, chimbua kwa koleo upande wa tuta ili ukingo wa nyasi usibomoke, legeza vigingi kimoja kimoja, ndipo uinue. Kama kuna waya wa taa au bomba la kumwagilia karibu, hakikisha unafahamu vimepita wapi kabla hujazamisha koleo. Wapo wanaoiacha plastiki nyuma ya mawe izuie mizizi. Ikiwa nzima sina ugomvi nao, lakini yako imeshapasuka, itoe yote.

Mawe yenye tako bapa ndiyo yanayotulia. Ya mtoni yaliyoviringana yanapendeza, ila yanabiringika, na itabidi uyazike karibu nusu. Kwa mawe bapa, theluthi moja ya kimo ikiwa ardhini yatosha. Mfano, jiwe la kimo cha sentimita 24 lizame 8. Chini yake weka kokoto sentimita 7 na mchanga sentimita 3, kwa hiyo mfereji uwe na kina cha sentimita 18, na upana wa jiwe ukiongeza sentimita 5 kila upande. Kokoto ziwe zile zilizopondwa, zenye kingo kali na vumbi lake, kwa kuwa hukamatana. Za duara huteleza. Zinyunyizie maji kidogo, kisha shindilia mpaka kisigino hakiachi alama. Hapa ndipo watu wengi huchoka mapema, halafu mvua za mwanzo zikipita wanalaumu mawe.

Jambo moja zaidi kuhusu mawe: litonee siki. Likitoa mapovu, lina chokaa, na chokaa hupunguza polepole uchachu wa udongo ulio karibu nalo. Maua mengi hayajali, lakini azalea na gardenia hupenda udongo wenye uchachu, hivyo tafuta jiwe la aina nyingine ikiwa unayo hayo.

Penye kona, tandaza mpira wa maji upate mchoro, rudi nyuma hatua kadhaa uutazame, halafu ndipo uchimbe. Mawe mafupi yatumie konani; marefu huacha mianya ya pembetatu upande wa nje. Panga safu nzima kavu juu ya nyasi kwanza, uone lipi linakaa na lipi, kisha anza kuyazamisha kutoka chini ya mteremko ukipanda, uzi ukiwa umevutwa sambamba na ardhi. Gonga kwa nyundo ya mpira. Jiwe likicheza, liinue uongeze mchanga. Usilichomekee vijiwe pembeni.

Kuhusu idadi: mawe ya urefu wa sentimita 30 yataingia 40 katika mita 12, agiza 44, maana mengine hayatakubali kona. Mita moja ya ujazo ya mawe mengi ya ujenzi ina uzito wa kilo 2,500 hivi, kwa hiyo jiwe la sentimita 30 kwa 15 kwa 24 ni karibu kilo 27, na mzigo wote unapita tani moja. Omba yashushwe karibu na tuta.

Sasa nyasi. Plastiki, pamoja na ubaya wake, ilikuwa ukuta usio na mwanya. Mawe yana mianya, na nyasi zinazotambaa zitaiona. Unaweza kulaza kitambaa cha kuzuia magugu mferejini kabla ya kokoto na kukipandisha nyuma ya mawe. Mimi napenda zaidi safu ya pili ya mawe bapa upande wa nyasi, yaliyolala sawa na ardhi: gurudumu la mashine ya kukata nyasi hupita juu yake, na kila mche unaotambaa unaonekana ukaukata mapema. Kuukata kutabaki kazi yako, hata hivyo.

Saruji ina nafasi yake pale ambapo watoto watatembea juu ya mawe au gari litakanyaga karibu. Hapo mimina msingi wa zege wa sentimita 10 juu ya kokoto, jenga kwa saruji moja kwa mchanga nne, na uumwagilie kwa wiki moja. Kwa kuwa una mteremko, acha tundu kila baada ya mita moja na nusu, la sivyo maji ya mvua yatakwama nyuma ya mawe na kuozesha mizizi.