Vidudu vyeusi chini ya kofia ya uyoga

Swali: Nikipita msitu wa Rau, hapa Moshi, baada ya mvua za masika, nikigeuza uyoga hutoka vidudu vyeusi vinavyokimbia huku vimeinua mkia. Je, ndio Nairobi flai wanaobabua ngozi? Na ni kweli kwamba uyoga wenye wadudu hauna sumu?

Jibu: Kwa maelezo yako, hao ni mbawakawa wa familia ya Staphylinidae, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kuelezwa. Mabawa yao magumu ya juu ni mafupi kama kizibao, hivyo sehemu kubwa ya tumbo hubaki wazi, na hilo tumbo ndilo unaloliona kama mkia. Nairobi flai, wa jenasi ya Paederus, ni ndugu yao, lakini yeye ana kifua na tumbo vya rangi ya chungwa, mabawa ya buluu inayong'aa, na hupenda udongo wenye unyevu, kama ule wa majaruba ya mpunga, kuliko uyoga.

Ukitaka kuwatazama vizuri, ushike uyoga juu ya karatasi nyeupe na uugonge kwa kidole. Wale wenye urefu wa milimita 2 hivi, wanaojibanza kati ya vikunjo vya chini ya kofia, aghalabu ni wa jenasi ya Gyrophaena au jamaa zake, ambao wakubwa kwa mabuu hukwangua spora (chembe za uzazi za uyoga) na utando unaozizaa. Kwa kuwa uyoga laini huoza ndani ya siku chache, mabuu hayo hukua haraka mno, kisha hushuka udongoni kugeuka mabundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na mdudu kamili. Wengine, wakubwa zaidi, hawaufuati uyoga wenyewe, bali huja kuwinda mabuu ya nzi yaliyomo ndani yake.

Kuhusu sumu, tafadhali usiutegemee kamwe usemi huo: wapo nzi wa jenasi ya Drosophila ambao mabuu yao hukulia ndani ya uyoga wenye amanitini, sumu inayoua ini la binadamu.

Usiishie kwenye uyoga laini. Ule mgumu unaoota kama rafu kwenye magogo hudumu miezi, hata miaka, na hukaliwa na jamaa wengine wa familia hiyohiyo, wenye umbo la mtumbwi, ambao hutoweka mahali hapo gogo likibebwa kuwa kuni.