Barua za Wasomaji: Kumwandikia Gwiji wa Muziki Usiyewahi Kuonana Naye

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zimetoka kwa watu wanaompenda mwanamuziki fulani mkubwa, wanaofuatilia kila anachokiweka mtandaoni, lakini hawajui wamkaribie vipi bila kumchosha wala kujiaibisha. Nimechagua barua 5, nami nimezifupisha pale ilipobidi bila kugusa maana yake.

Swali: Shikamoo mshauri. Huu ni mwaka wa 6 tangu nianze kupiga gitaa, na karibu yote ninayoyajua nimeyapata kwa kumsikiliza gwiji mmoja ambaye bado yu hai na ana ukurasa wake mtandaoni. Kwa miaka 2 nimemwandikia mara 7, nikimweleza jinsi muziki wake ulivyonivusha katika kipindi kigumu cha maisha yangu, wala hajanijibu hata neno moja. Rafiki zangu wanasema watu wakubwa hawana haja na watu kama sisi. Je, ananidharau?
*Mpiga Gitaa Aliyevunjika Moyo*

Jibu: Marahaba. Kabla hujamhukumu, fahamu kwamba huenda hajaiona hata moja kati ya barua zako. Katika Instagram, kwa mfano, ujumbe wa mtu ambaye mwenye akaunti hamfuatilii hauingii moja kwa moja katika kikasha chake. Hutengwa kando, mahali pa maombi, na unaweza kukaa huko miezi mingi bila kufunguliwa. Tena kurasa nyingi za wanamuziki mashuhuri hazisimamiwi na wenyewe bali na meneja, au kampuni ya kurekodi, au kijana wa nyumbani aliyekabidhiwa simu. Ukimya wa mtu ambaye hajasoma barua yako haukuambii chochote kuhusu moyo wake.

Hata hivyo, liko jambo jingine ambalo ningependa ulitafakari. Kwa miaka 3 nilikuwa nikimsomea barua za mtandaoni mpiga gitaa mmoja mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka. Nilikuwa nikiketi naye kila Jumapili jioni, yeye akiwa amepandisha miwani kwenye paji la uso, mimi nikisoma kwa sauti. Barua za sifa zilikuwa nyingi na zilimgusa, lakini kila moja aliipokea kwa kuinamisha kichwa na kusema, “Mwambie ahsante.” Hakuwa na zaidi ya hilo la kusema. Siku moja tukafungua ujumbe wa sauti wa sekunde 40, ambamo kijana fulani alipiga kipande kifupi cha kibao cha mzee huyo, akasimama, kisha akauliza, “Hapa unapopanda juu, kidole cha tatu kinabaki kwenye uzi au kinahama?” Mzee aliniomba niurudie mara 3. Akateremsha gitaa kutoka ukutani, akakipiga kipande kile polepole huku akiutazama mkono wake mwenyewe, kwa sababu katika miaka yote aliyokipiga hakuwahi kujiuliza kidole kile kinakwenda wapi. Jibu alilomrekodia kijana yule lilikuwa la dakika 6, na wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kuniuliza kama kijana amejibu.

Barua zako, kwa jinsi ulivyonieleza, zinasimulia maisha yako, na sina shaka kwamba kila neno ni la kweli, ila hazimpi mwenzako mahali pa kushika. Chagua kibao kimoja, ukisikilize hadi ufike mahali panapokushinda, kisha uulize juu ya mahali hapo tu, kwa sentensi 3 au 4. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuitafuta sauti fulani hutambua mara moja kwamba yuko mwingine aliyeisikia.

Wala usidhani kwamba uhusiano wa aina hii umepungukiwa kwa kuwa hamjaonana. Kuanzia mwaka 1876 hadi 1890 mtunzi wa Urusi, Pyotr Tchaikovsky, na mpenzi mkubwa wa muziki wake, Nadezhda von Meck, waliandikiana barua zaidi ya 1,000, huku wakiwa wamekubaliana kwamba wasikutane. Ni kweli kwamba mama huyo alikuwa pia mfadhili wake, akimpa fedha za kujikimu kila mwaka. Lakini alipomwuliza kama Simfonia ya Nne, kazi ndefu ya okestra ambayo mtunzi alikuwa amemtabarukia, ilibeba maana fulani, Tchaikovsky alimjibu mwaka 1878 kwa barua ndefu iliyoieleza kazi ile sehemu baada ya sehemu, na wanamuziki wanaisoma barua hiyo hadi leo. Fedha peke yake zisingeizaa barua ile. Lililoizaa ni swali lake.

Swali: Niliandika maoni chini ya video ya mwimbaji ninayempenda tangu ujana wangu. Saa chache baadaye akaniandikia mwenyewe, na akaunti yake ina tiki ya bluu. Tumewasiliana kwa wiki 3. Ni mpole, ananiuliza hali ya watoto, na amenitumia hata ujumbe wa sauti. Aliniomba tuhamie kwenye programu nyingine ya ujumbe, na sasa meneja wake anasema nilipie kadi ya uanachama ili nikutane naye faraghani, na malipo yafanywe kwa kadi za zawadi, zile za dukani zilizojazwa fedha. Mume wangu anasema ni tapeli. Mimi nashindwa kuamini.
*Mama wa Kwaya*

Jibu: Mama, mume wako amesema kweli. Nakusihi usitume chochote, na kama umeshatuma, wasiliana leo hii na benki yako pamoja na kampuni iliyotoa kadi hizo, uhifadhi mazungumzo yote bila kufuta, kisha upeleke taarifa polisi na kwa mtandao wenyewe.

Hawa watu wana njia moja wanayoirudia. Wanapita kwenye maoni yaliyo chini ya video za wanamuziki wanaopendwa, wanawatafuta walioandika kwa hisia, kisha wanawaandikia kwa jina na picha ya msanii. Wanakuhamisha kwenye programu nyingine ili mtandao wa kwanza ukiifunga akaunti yao, mazungumzo yasikatike. Kadi za zawadi wanazipenda kwa sababu ukishawasomea namba zilizo nyuma yake, fedha zimekwenda, na kuzirudisha ni kazi ngumu mno. Tiki ya bluu nayo, ambayo zamani ilionyesha kwamba akaunti imehakikiwa kuwa ya mwenyewe, haina tena uzito iliokuwa nao: katika mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, tangu Novemba 2022 mtu anaweza kuipata kwa kulipa ada ya kila mwezi, kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba mwenye akaunti ndiye msanii. Ujumbe wa sauti pia si ushahidi, kwa kuwa ziko programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu yeyote aliyerekodiwa vya kutosha, na nani amerekodiwa kuliko mwimbaji?

Kwa siku zijazo, anzia kwenye tovuti rasmi ya msanii au jalada la albamu yake, ufuate kiungo kilichoandikwa hapo hadi kwenye ukurasa wake, kisha ulinganishe jina la akaunti herufi kwa herufi, maana nukta moja au mstari mdogo uliopenyezwa katikati hutosha kumpoteza mtu mwangalifu. Mwanamuziki anayehitaji msaada wa mashabiki huutangaza hadharani, mbele ya watu wote, na hamnong’onezi mtu mmoja faraghani kwamba alipie nafasi ya kumwona.

Najua kinachouma zaidi si fedha. Kwa wiki 3 uliamini kwamba sauti uliyoipenda tangu ujana imekugeukia na kukuuliza hali. Usione haya kwa hilo, wala usiache kumsikiliza mwimbaji wako, kwa sababu yeye hakukufanyia lolote baya, na jina lake limeibwa kama vile imani yako ilivyoibwa.

Swali: Je, ni utovu wa adabu kupakia video nikipiga kibao cha mwanamuziki mkubwa, kisha nimtaje ili aione?
*Mwanafunzi wa Ngoma*

Jibu: Hapana, mradi utaje jina la mtunzi, useme wazi kama umebadilisha mpangilio, na umtaje mara moja, si mara 20. Magwiji wengi wanapenda kusikia kazi zao zikitoka mikononi mwa wengine. Mwaka 2020 Nandi Bushell, mtoto wa miaka 10 anayeishi Uingereza, alimwalika mtandaoni Dave Grohl wa kundi la roki la Foo Fighters washindane kupiga ngoma. Grohl akaupokea mwaliko kwa video yake mwenyewe, wakajibizana kwa raundi kadhaa, na mwaka 2021 mtoto yule akapanda naye jukwaani Los Angeles. Arnel Pineda wa Ufilipino yeye hakumwandikia mtu. Rafiki yake ndiye aliyepakia video zake, na mwaka 2007 mpiga gitaa wa kundi la roki la Journey, Neal Schon, akaziona na kumtafuta awe mwimbaji wao.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote hivyo ni cha mtunzi wa nyimbo za kwaya wa Marekani, Eric Whitacre. Msichana mmoja shabiki wake alijirekodi akiimba sauti yake peke yake katika wimbo mmojawapo wa mtunzi huyo, akamtumia. Whitacre aliguswa sana, akajiuliza ingekuwaje kama watu wengi wangefanya hivyo, kila mtu mahali alipo, kisha sauti zikaunganishwa. Mwaka 2010 ikatoka kwaya ya sauti 185 kutoka nchi 12, na mwaka uliofuata ikatoka nyingine ya waimbaji 2,052 kutoka nchi 58. Msichana yule hakuomba chochote. Aliimba sehemu yake kikamilifu, basi.

Swali: Gwiji wa fidla ninayemheshimu ameanza kufundisha kwa njia ya video, nami nimebahatika kupata nafasi. Kila nikijaribu kupiga naye pamoja ninachelewa, na noti zangu ndefu anasema zinakatika. Je, mkono wangu ni mzito?
*Mpenzi wa Fidla*

Jibu: Mkono wako hauna kosa. Sauti husafiri hewani kwa takriban milisekunde 3, yaani sehemu 3 za elfu za sekunde, kwa kila mita, kwa hiyo wapigaji wawili waliokaa mita 3 mbali husikiana baada ya milisekunde 9 hivi, muda ambao sikio halijali. Ucheleweshaji ukipita kama milisekunde 30, mwendo huanza kuvutana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na mazungumzo ya kawaida ya video huchelewa zaidi ya hapo. Hakuna zoezi la vidole litakaloponya hilo. Noti zinakatika kwa sababu programu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maneno: zinaposikia sauti ndefu isiyobadilika huidhania kelele ya feni na kuipunguza. Katika Zoom upo mpangilio wa sauti asilia (Original Sound) kwa ajili ya wanamuziki. Uwashe, uvae vipokea sauti, na ikiwezekana uunganishe kompyuta na intaneti kwa waya badala ya mawimbi ya Wi-Fi.

Kisha acheni kupiga pamoja. Yeye apige, wewe ujibu. Na siku moja kabla ya somo umtumie rekodi safi ya kipande mnachokifanyia kazi, ili asikie upinde wako bila intaneti kuuharibu.

Swali: Amenijibu! Baada ya mwaka mzima, gwiji wangu ameandika maneno mawili: “Ahsante, endelea.” Mikono inanitetemeka. Nimwambie nini?
*Mpiga Kinanda*

Jibu: Hongera sana, nami nimefurahi pamoja nawe. Mwambie ahsante, mstari mmoja, usimmiminie yote uliyoyaweka moyoni kwa mwaka mzima. Halafu rudi kwenye kinanda, na baada ya mwezi mmoja umtumie sekunde 40 za kile ulichokiendeleza, pamoja na swali moja.