Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anaposimulia Vita

SWALI: Mhariri, binti yangu wa darasa la sita anasoma riwaya kuhusu msichana wa Copenhagen mwaka 1943, ambaye wazazi wake wanamficha rafiki yake Myahudi. Kila baada ya kurasa mbili ananiuliza, "Mama, haya yalitokea kweli?" Nimjibuje?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, tenganisha tukio na watu. Tukio ni la kweli. Ujerumani ya Kinazi iliivamia Denmark Aprili 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, na msako wa Wayahudi ulifanyika usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1943. Siku chache kabla, Georg Duckwitz, afisa wa ubalozi wa Ujerumani, alivujisha habari za msako huo, na tarehe 29 Septemba rabi (kiongozi wa dini ya Kiyahudi) Marcus Melchior akawaambia waumini katika sinagogi la Copenhagen watawanyike wakajifiche. Zaidi ya watu 7,000 walivushwa kwenda Sweden, nchi isiyokuwa vitani, wengi kwa mashua za wavuvi. Takriban 470 walikamatwa na kupelekwa kambi ya Theresienstadt.

Wahusika na mazungumzo yao ndio wa kubuni. Kwa kawaida mwandishi hueleza mwishoni mwa kitabu kipi amekitunga na kipi amekitoa kwenye kumbukumbu. Usomeni ukurasa huo pamoja mkishamaliza hadithi, maana mara nyingi unafichua mwisho.

Mwonyeshe na ramani. Kutoka Helsingør, mji wa pwani wa Denmark, hadi pwani ya Sweden ni takriban kilomita 4 tu. Asipoliona hilo, hataelewa sababu kubwa mojawapo iliyowawezesha Wayahudi wa Denmark kutoroka ilhali wenzao wa Poland walikwama. Kisha mwambie yale ambayo riwaya za watoto huyapitia juu juu: wavuvi wengi walitoza nauli, tena kubwa, na si kila aliyefichwa aliokoka. Katika kijiji cha Gilleleje, Wayahudi wapatao 80 waliojificha kwenye dari ya kanisa walikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Akikutana na habari ya Mfalme Christian X kuvaa nyota ya njano, alama ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuvaa kwingineko, hiyo haikutokea. Wayahudi wa Denmark hawakuwahi kuamriwa kuivaa.

SWALI: Nina klabu ya usomaji ya kidato cha kwanza. Wanafunzi wanalalamika kwamba msimulizi mtoto haoni hatari iliyo wazi kabisa. Tena baadhi yao familia zao zilikimbia vita Burundi na Kongo. Niendeshe vipi?
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Mwalimu, malalamiko hayo ni mlango mzuri, ingia nao. Wanafunzi wako wanaiona hatari kwa sababu wanajua vita viliishaje. Mtoto wa hadithi hajui, na mara nyingi wazazi wamemnyima habari makusudi, ili askari wakimhoji asiwe na la kusema. Chora ubaoni safu tatu: alichokiona mtoto, alichoambiwa na wakubwa, tunachokijua sisi. Kwa mfano, mtoto anaona mama anashonea pesa ndani ya pindo la koti. Anaambiwa kesho wanakwenda kumsalimu bibi. Sisi tunajua familia inajiandaa kutoroka. Mistari mitatu au minne kwa sura inatosha, kwani ukizidisha hadithi inageuka zoezi la mtihani. Waelekeze kwenye vitu vidogo: redio inayozimwa mlango ukibishwa, siagi iliyoadimika, mwanafunzi ambaye kiti chake kimebaki kitupu na hakuna anayeuliza yuko wapi. Msimulizi mtoto mzuri hubeba historia humo, na hapo ndipo wasomaji wengi huruka.

Maigizo ya nusu ya darasa kuwa askari na nusu kuwa Wayahudi, tafadhali yaache kabisa. Watoto wengine hucheka na wengine huumia, na hakuna anayejifunza mateso yalivyokuwa. Swali la "wewe ungefanya nini?" nalo huzaa mashujaa wa mdomoni. Uliza hivi: katika ukurasa huu jirani alikuwa na njia zipi, na kila moja ingemgharimu nini?

Kwa wale waliokimbia vita, isome sura nzima mwenyewe kwanza. Siku moja kabla, waambie pembeni kilichomo, kama vile msako wa usiku au mtoto kutenganishwa na wazazi, na uwape ruhusa ya kutoka au kusoma kitabu kingine bila kujieleza. Usimwombe yeyote asimulie yake kama mfano. Akitaka mwenyewe, msikilize nje ya kipindi. Katika dakika 40, soma 25 na zungumzeni 15, na usikatishe usomaji mahali ambapo mtoto bado yuko mafichoni na buti zinasikika ngazini.

SWALI: Riwaya ya John Boyne ya mwaka 2006, ya mtoto wa kamanda anayefanya urafiki na mvulana Myahudi kwenye uzio wa kambi, inafaa kujifunzia historia?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mombasa

JIBU: Haifai. Mwaka 2020 Jumba la Makumbusho la Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, lilishauri hadharani kwamba anayesoma au kufundisha historia ya mauaji ya Wayahudi aiepuke riwaya hiyo. Watoto na vijana wapatao 232,000 walipelekwa Auschwitz, 216,000 kati yao Wayahudi, na wengi waliuawa kwa gesi mara tu walipofika. Uzio ulikuwa na umeme na walinzi. Na mtoto wa afisa wa Kinazi asiyejua Myahudi ni nani haaminiki, kwa kuwa shule zenyewe zilifundisha chuki hiyo. Mwandishi ameiita ngano, isome hivyo.

Riwaya nyingine zipime kwa alama walizolazimishwa kuvaa Wayahudi. Warsaw ilikuwa kitambaa cheupe chenye nyota ya buluu mkononi, tangu Desemba 1939. Nyota ya njano ilianza Berlin Septemba 1941, Amsterdam Mei 1942, Paris Juni 1942. Ukimkuta mtoto wa Berlin kavaa nyota ya njano mwaka 1940, mwandishi hakuchunguza. Weka alama kwa penseli, kisha hakiki tarehe nyingine tatu au nne kabla ya kuziamini zilizobaki.