Ndege usiyoijua kwenye picha ya zamani: tafuta siku kwanza, jina litakuja

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umeikuta picha nyeusi na nyeupe kwenye albamu ya marehemu babu yako: ndege yenye bawa dogo puani, pangaboi nyuma, mapezi mawili yamesimama juu ya mabawa, na hakuna maandishi yoyote. Programu za kutafuta picha zimekupa majina matatu, yaani XP-55 Ascender ya Marekani, Shinden ya Japani na SS.4 ya Italia, nawe unataka kujua lipi ndilo. Nimekuwa nikitambua ndege za majaribio kwenye picha za zamani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwa mapenzi tu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nadhani ndege yako haimo katika hayo majina matatu.

Kwanza niseme kinachowapoteza wengi. Ndege iliyotengenezwa kwa maelfu hufanana na nduguze, ukiijua moja umezijua nyingi. Ndege ya majaribio ilijengwa moja, mbili au tatu, na mafundi walikuwa wakiikata na kuiunga kila ilipotua na kasoro mpya. Leo ina mkia huu, baada ya miezi miwili ina mwingine. Me 262 ya Ujerumani inajulikana kama ndege ya jeti, lakini ya kwanza kabisa iliruka tarehe 18 Aprili 1941 ikiwa na injini ya pistoni na pangaboi puani, na gurudumu dogo mkiani. Anayetafuta "Me 262" kwa sura anayoijua ataitupa picha hiyo pembeni. Ndiyo maana siku hizi sianzi kwa kuuliza hii ni ndege gani. Naanza kwa kuuliza picha ilipigwa lini.

Somo hilo lilinigharimu aibu. Miaka mingi iliyopita nilionyeshwa picha ya ndege nyembamba yenye mabawa ya pembetatu, namba WG774 inasomeka vizuri ubavuni. Nikajibu haraka: Fairey Delta 2 ya Uingereza, ile ambayo Peter Twiss aliirusha tarehe 10 Machi 1956 akawa mtu wa kwanza kuweka rekodi ya dunia ya mwendo zaidi ya maili 1,000 kwa saa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa ndege akaniandikia sentensi moja tu: angalia ukingo wa mbele wa bawa. Nikaangalia. Ukingo haukuwa umenyooka, ulikuwa umepinda taratibu kama herufi S iliyolazwa. WG774 ilikuja kujengwa upya, ikapewa bawa jipya na jina jipya, BAC 221, ikaruka tena tarehe 1 Mei 1964 kwa ajili ya utafiti wa bawa la Concorde, ndege ya abiria iendayo kasi kuliko sauti. Namba niliisoma sawasawa na jibu bado lilikuwa kosa, kwa sababu sikujiuliza ni WG774 ya mwaka gani. Ndege yenyewe iko kwenye makumbusho ya Yeovilton, Uingereza, hadi leo, ikiwa na bawa lile la pili.

Kabla ya kuangalia mabawa au mkia, hakikisha picha haijageuzwa. Negativu ikiwekwa kinyume wakati wa kusafisha picha, kulia kunakuwa kushoto, na kama hakuna herufi hutagundua kwa macho ya haraka. Niliwahi kukesha siku kadhaa nikitafuta ndege yenye tundu la hewa upande wa kushoto pekee. Haikuwepo duniani, picha ilikuwa imegeuzwa. Sasa nina vitu vya kukagua. Kwa ndege za kijeshi za Marekani, tangu 1941 nyota huwa juu ya bawa la kushoto na chini ya bawa la kulia. Ukiiona juu ya bawa la kulia peke yake, shuku negativu. Angalia pia vifungo vya mashati na makoti ya watu waliosimama karibu viko upande gani. Na angalia mapanga ya pangaboi yamepindia wapi: injini ya Merlin huzungusha pangaboi kwa mwelekeo wa saa ukitazama kutoka kiti cha rubani, injini ya Griffon huzungusha kinyume chake. Kwa hiyo Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyotumia injini hizo, yenye pangaboi "lisilo sahihi" ama picha imegeuzwa, ama ni Spitfire ya miaka ya baadaye yenye Griffon. Kitu kidogo hicho kimenisaidia mara nyingi kuliko vitabu vikubwa.

Halafu kuna rangi. Usidhani cheusi kwenye picha kilikuwa cheusi. Filamu nyingi za zamani zilikuwa za othokromatiki, ambazo hazioni wekundu kabisa. Nyekundu hutoka karibu nyeusi, njano hutoka nzito, na buluu hufifia hadi kukaribia nyeupe. Kwenye filamu ya pankromatiki, ile inayoona rangi zote, mambo hubadilika, njano inakuwa nyepesi. Nilibishana na mwenzangu karibu mwezi mzima juu ya ndege ya Uingereza yenye tumbo "jeusi". Yeye alisema ni ndege ya usiku. Mimi nilitazama nembo ya duara ubavuni: buluu ya nje ilikuwa imepauka na nyekundu ya katikati imekuwa kama lami. Hiyo ni othokromatiki, na tumbo lile lilikuwa la njano, rangi ambayo Waingereza wakati wa vita waliipaka chini ya ndege za majaribio na za mafunzo. Tulipoikuza picha tukaona karibu na nembo kuna duara dogo lenye herufi P. Alama hiyo iliwekwa kwenye ndege za mfano wa kwanza, nayo ni ya njano, kwa hiyo ilikuwa imemezwa na rangi ya kuficha ya ubavuni. Ilikuwa pale muda wote tuliokuwa tukibishana.

Nembo ndiyo kalenda yako. Kwa Marekani ni rahisi sana: nyota yenye duara jekundu katikati ni ya kabla ya katikati ya 1942, nyota tupu ni kuanzia hapo hadi katikati ya 1943, nyota yenye mikono miwili pembeni na mzingo mwekundu ilidumu miezi michache tu ya 1943, mzingo ukawa buluu baadaye mwaka huohuo, na mistari myekundu ndani ya mikono ilianza Januari 1947. Ukipata mzingo mwekundu umeikamata picha ndani ya dirisha dogo mno. Ndege za kiraia za huko, kabla ya 1949, zilikuwa na herufi ya ziada: NC ni ya biashara, NX ni ya majaribio. Ufaransa ndege inayojaribiwa husajiliwa kwa F-W, kama Concorde ya kwanza, F-WTSS, iliyoruka tarehe 2 Machi 1969.

Namba za mkiani za Jeshi la Anga la Marekani nazo zina siri yake. Tarakimu ya kwanza ya mwaka huachwa, kwa hiyo 62-0001 huandikwa 20001. Hiyo ni XB-70 Valkyrie ya kwanza, ndege kubwa ya majaribio ya kulipua mabomu. Ya pili ni 20207, na hata namba isiposomeka unaweza kuzitofautisha kwa mbele, kwa sababu ya pili mabawa yake yameinuka kidogo kuelekea nchani na ya kwanza yamelala sawa. Tofauti hiyo ina uzito: 20207 ndiyo iliyogongana angani na ndege ya kivita ya F-104 tarehe 8 Juni 1966 ikiwa kwenye msafara wa kupigwa picha. Picha yoyote inayoionyesha ilipigwa siku hiyo au kabla yake.

Ukubwa nao hudanganya vibaya. Nilikuwa na picha niliyoipenda, ndege ya Northrop isiyo na mkia, bawa tupu angani, na nyuma yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu XB-35, ndege kubwa ya kulipua mabomu ya kampuni hiyo ya Marekani. XB-35 ina mabawa ya mita 52. Ile yangu ilikuwa N-9M, ndege ndogo ya watafiti iliyojengwa kwa theluthi moja ya vipimo, mita 18 tu, ili marubani wajifunze tabia ya bawa hilo kabla ya kubwa kuruka. Umbo ni lilelile. Kilichonifumbua macho ni kifuniko cha chumba cha rubani. Kwenye XB-35 ni uvimbe mdogo uliopotea juu ya bawa kubwa, kwenye N-9M kimetawala mgongo mzima. Kisha nikahesabu injini: mbili, na si nne. Kama hakuna mtu wala gari pembeni, tafuta kitu ambacho binadamu hawezi kukipunguza, yaani kiti, mlango, kioo cha rubani. Kichwa cha rubani hakipungui kwa theluthi mbili.

Zipo pia picha zilizotengenezwa ili zidanganye, na hizi si za leo tu. Mwaka 1940 Wajerumani walichukua ndege chache za Heinkel He 100, wakazipaka alama za vikosi ambavyo havikuwepo, wakazipiga picha na kuzisambaza kama "He 113", ndege mpya ya kivita. Marubani wa Uingereza wakaanza kuripoti kuwa wamepigana nayo. Kwa upande wa kompyuta, mwathirika mkubwa ni Kalinin K-7 ya Kisovieti. Utaiona mtandaoni ikiwa na mizinga ya meli na mapangaboi yasiyohesabika. K-7 ya kweli ilikuwa ya kustaajabisha bila chumvi yoyote: mabawa ya mita 53, injini saba, sita mbele na moja ikisukuma nyuma. Iliruka mara ya kwanza Agosti 1933 ikaanguka Novemba mwaka huohuo na kuua watu. Inaniuma kuona ndege iliyobeba maisha ya watu inafunikwa na mchoro wa kubuni, kisha mchoro unanakiliwa kama picha ya historia.

Sasa turudi kwenye picha yako.

Shinden tuiondoe. Ilikuwa na pangaboi la mapanga sita na miguu mirefu sana, kwa sababu pangaboi kubwa la nyuma lilihitaji nafasi. Kwenye jaribio la mwanzo pua iliinuka mno na ncha za mapanga zikagusa ardhi, ndipo wakaongeza vigurudumu chini ya mapezi. Iliruka tarehe 3 Agosti 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Wewe unasema ndege yako imekaa chini, karibu na ardhi. Si hiyo.

SS.4 ilijengwa moja tu na ikaanguka 1941. Siwezi kuikataa kwa hilo pekee, ila nitaikataa kwa mandhari: unasema ardhi ni nyeupe, tambarare hadi upeo wa macho, bila jani. Hilo linanipeleka moja kwa moja kwenye ziwa kavu la Muroc, California, walikojaribia ndege Wamarekani.

Inabaki XP-55 ya kampuni ya Curtiss. Zilijengwa tatu, na ya kwanza iliruka Julai 1943 kutoka Scott Field, Illinois, mahali penye nyasi na majengo. Ilikuwa ya bati tupu, injini ya Allison yenye zaidi ya nguvu za farasi 1,200, magurudumu yakikunjwa ndani. Lakini wewe umeandika, tena bila kuona uzito wake, kwamba "miguu imefunikwa kama viatu" na kwamba ubavuni kuna "mistari kama mbavu za ng'ombe". Miguu iliyofunikwa vile haikunjwi. Mbavu zinazoonekana ni kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ya mabomba.

Kabla ya XP-55, Curtiss walijenga ndege moja ya kujaribia wazo lenyewe: CW-24B. Kiwiliwili cha mabomba ya chuma kilichovikwa kitambaa, mabawa ya mbao, magurudumu yasiyokunjwa, injini ndogo ya nguvu za farasi 275. Ilianza kuruka Desemba 1941, palepale Muroc. Programu za kutafuta picha huikosa kwa sababu sura yake karibu ni ya XP-55, na picha za XP-55 ni nyingi zaidi. Kwa maelezo uliyotoa, naamini hiyo ndiyo uliyonayo.

Naomba uiskani upya kwa nukta 1200 kwa inchi, bila kuikata kingo, na uskani pia mgongo wa picha hata kama unaona hauna kitu; penseli iliyofifia hujitokeza ukiongeza giza. Kisha nikatie vipande viwili vikubwa: mguu wa mbele, na eneo la injini juu na chini. CW-24B ilipoanza kuruka ilikuwa ikiyumba pua huku na huku, wakasogeza mapezi ya mabawa nje kwa futi nne na kuongeza mapezi mengine juu na chini ya kifuniko cha injini. Kama kwenye picha yako kifuniko hicho ni kitupu na mapezi yamekaa ndani, babu yako alikuwa na picha ya majuma ya mwanzo kabisa ya ndege hiyo.